Hii Ni Mbegu ya Nini?



Vijana wenzangu, leo naomba tuanzie jikoni. Siyo jikoni kwenu, ni jikoni kwa nabii Elisha, pale Gilgali, wakati wa njaa (2 Waf 4:38-41). Wanafunzi wa manabii wameketi mbele ya mwalimu wao. Mimi huwa nawaona kama waseminari wa enzi zile: wengi, wana njaa, na sufuria ni moja. Elisha anaagiza iletwe sufuria kubwa, itelekwe motoni. Mmoja wao anatoka kwenda kondeni kutafuta mboga, anakuta mmea wa porini unaotambaa, umejaa matunda. Anachuma, anajaza nguo yake, anarudi mbio, anayakatakata na kuyatia sufuriani. Hapo Maandiko yanaongeza neno dogo ambalo ukisoma haraka unaliruka: hawakuyajua yale matunda. Wakaanza kula, mara kelele zikapigwa kwamba sufuriani mna kifo.

Wafafanuzi wengi wa Biblia wanadhani lilikuwa tango mwitu la jangwani, ndugu wa karibu kabisa wa tikiti maji. Ni tunda la mviringo, ukubwa wa chungwa, kali kama shubiri, na linaharisha mpaka mtu anaweza kufa. Ukiliona kwa mbali unasema hiki ni kitikiti kidogo, Mungu ametukumbuka. Na hapo ndipo habari hii inaponigusa. Yule kijana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkarimu, mchapakazi, hakungoja kutumwa mara mbili, na alijaza nguo nzima kwa ajili ya wenzake. Alikosa kitu kimoja tu: kujua alichokuwa amekishika mkononi.

Miezi michache iliyopita, kwenye semina ya VIWAWA niliyoalikwa, dada mmoja alisimama akaniuliza swali ambalo bado linanitembea kichwani. "Frateri, kila siku mnatuambia tutambue wito. Sawa. Mimi nina miaka 24. Nyumbani wameshaanza kuniuliza habari za mchumba, na mimi moyoni nasikia utawa. Nitajuaje? Halafu nikienda kule nikakuta siyo?" Ukumbi ulikaa kimya. Ilikuwa wazi kwamba hakuwa anauliza kwa niaba ya wenzake. Nilimjibu kwa kifupi maana muda ulikuwa umekwisha na kina mama walikuwa wanatuita mezani. Jibu refu ndilo hili, na linapitia kwenye kopo la mbegu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkulima huko Rombo. Alipofariki, kwenye dari ya jiko lake, pale moshi unapopita, lilikutwa kopo la zamani la mafuta ya kupikia. Ndani mlikuwa na mbegu, zimechanganyika, hakuna karatasi wala jina. Mama mdogo akanikabidhi mbele ya ukoo mzima: "Wewe uliyesoma falsafa, hebu tuambie hizi ni nini." Watu wakacheka. Jamani, miaka mitatu ya falsafa haina somo la maboga! Ingawa, tuseme ukweli, Theofrasto, yule aliyeirithi shule ya Aristotle, aliandika vitabu vizima juu ya mimea, kwa hiyo mama mdogo hakuwa mbali sana na njia.

Nilizimwaga juu ya gazeti, nikazihesabu. Zilikuwa 23.

Nane zilikuwa za maboga, hilo hata mtoto anajua. Lakini boga lipi? Maana tunachokiita boga ni aina kadhaa tofauti kabisa, na njia nzuri ya kuzitofautisha ni kutazama kikonyo, pale tunda linaposhikana na mmea. Kikonyo kikiwa cha mviringo, kinene, laini kama kizibo cha chupa, hilo ni Cucurbita maxima. Kikiwa kigumu, kina pembe tano na kimetanuka pale kinapokutana na tunda kama mguu wa kinywaji cha Misa, yaani kalisi, hilo ni Cucurbita moschata. Kikiwa kigumu chenye pembe lakini hakijatanuka, basi ni Cucurbita pepo. Sasa mimi sikuwa na tunda, nilikuwa na mbegu tu. Bahati nzuri mbegu nazo zina maneno yake: zile za moschata huwa na rangi ya maziwa yaliyochujuka na ukingo uliokolea, mara nyingi wenye nyuzinyuzi. Za bibi zilikuwa hivyo.

Nne zilikuwa nyeusi. Hizi zinadanganya. Mbegu nyeusi bapa inaweza kuwa ya tikiti, ya dodoki (lile la kuogea), au ya boga la nyanda za baridi ambalo Wakikuyu wanaliita kahurura. Ya dodoki ina ukingo mwembamba kama ubawa umeizunguka. Hizi hazikuwa nao, na zilikuwa kubwa kuliko za tikiti, kwa hiyo nikaegemea kahurura, hasa nikikumbuka baridi ya kule kwa bibi.

Tisa zilikuwa za kibuyu. Mbegu ya kibuyu ukishaiona mara moja huisahau: ndefu, ya kahawia, ina mistari inayoteremka, na upande mmoja ina mabega mawili kama mtu aliyepandisha mabega kwa baridi. Na hapa kuna historia inayonifurahisha sana. Maboga yote niliyoyataja, ambayo tunayala tukijua ni ya mababu zetu tangu Adamu, asili yake ni Amerika. Katika pango la Guilá Naquitz huko Oaxaca, Mexico, zimekutwa mbegu za maboga yaliyolimwa na watu kama miaka 10,000 iliyopita. Kibuyu ndicho cha kwetu Afrika, na jamaa zake wa porini wamepatikana Zimbabwe. Nacho kilifika Amerika zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, na uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2014 unaonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa kilielea chenyewe juu ya bahari ya Atlantiki. Hebu fikiri: kibuyu kinakata bahari peke yake na mbegu hai tumboni, bila nahodha, bila hata mtu wa kukisindikiza.

Na mbili zilikuwa kweme. Wengi wenu wa mjini hamjawahi kuiona. Ni mbegu kubwa, bapa, karibu ya mviringo, upana wake kama sentimita tatu na nusu, imefungwa ndani ya wavu wa nyuzi ngumu kama imevikwa sweta. Ni mmea wa huku kwetu, Afrika Mashariki na Msumbiji. Unapanda juu ya miti, unaishi miaka mingi, tunda moja linaweza kufika kilo 15. Kule Kilimanjaro kina mama waliojifungua hupewa kweme ili maziwa yatoke vizuri. Bibi alizaa watoto wanane. Nadhani zile mbili zilikuwa na historia yake.

Basi kazi ya kutambua ikawa imekwisha, si ndiyo? Hapana. Na hapa, dada yangu wa swali, naomba unisikilize vizuri.

Kuna mambo ambayo mbegu haisemi. Kweme ina mimea dume na mimea jike. Wa kike ndio unaozaa. Ukitazama mbegu huwezi kujua kabisa ni ipi. Uigeuze, uinuse, uiweke juani, haikwambii. Inabidi uipande, uingoje ikue, uingoje itoe maua. Na maboga ndiyo zaidi. Boga ni mmea unaotegemea nyuki kubeba chavua kutoka ua dume kwenda ua jike. Nyuki akitoka kwenye shamba la jirani lenye boga la jamii ileile, mbegu zitakazozaliwa zitakuwa mchanganyiko, wakati boga lenyewe kwa nje litabaki na sura ya mama yake vilevile. Yaani ukiliona boga unamjua mama. Baba utamjua mwakani, shambani. Ndiyo maana wanaotunza mbegu za asili hufunga ua jike jioni kabla halijafunguka, asubuhi wanalichavusha kwa mkono kutoka ua dume walilolichagua, kisha wanalifunga tena nyuki asiingie. Bibi sijui kama alifanya hivyo. Labda alikuwa na shamba lililojitenga, labda hakujali.

Kwa lugha ya darasani, Aristotle anatofautisha kuwa katika uwezekano na kuwa katika utimilifu. Mbegu ni boga katika uwezekano. Lakini huo si uwezekano wa hovyo, wa chochote kile. Mbegu ya boga haiwezi kuwa kibuyu hata uiombee novena. Kwa hiyo ile kauli tunayobandikiwa kila kona mitandaoni, kwamba unaweza kuwa chochote unachotaka, mimi siikubali. Inasikika tamu, lakini inachosha watu. Ina maana kila asubuhi uamke ujiumbe upya, na usipofanikiwa kosa ni lako. Mkristo anaanza kwingine: umetolewa mahali, umepewa umbo, kuna aliyekujua kabla hujachipua.

Lakini kosa la pili nalo lipo, na nadhani ndilo linalotushika sisi tunaosali sana. Ni kutaka kujua kila kitu ukiwa bado kwenye kopo. Tunafanya mafungo, tunauliza mapadre watatu tofauti, tunaomba ishara, tunarudi kwenye kopo. Tunadhani utambuzi ni kutazama tu. Kutazama kunakupeleka mpaka mahali, na ukifika pale, maswali yaliyobaki yanajibiwa na udongo. Ndiyo maana Kanisa lina muda wa malezi: kuna kuja na kuona, kuna upostulanti, kuna unovisi, kuna nadhiri za muda. Hayo si mtihani wa kukukamata. Ni udongo. Mtu akitoka unovisi baada ya mwaka na kugundua kuwa wito wake ni ndoa, hakushindwa, alipandwa akaonekana ni nini. Hii nasema kwa nguvu kwa sababu nimewaona wanaorudi nyumbani wakipita vichochoroni kama wezi, na majirani wananong'ona. Tuache hiyo tabia. Inawafanya wengine waogope hata kujaribu.

Na hata watakatifu hawakukubaliana juu ya mmea mmoja! Mnakumbuka mmea uliomfunika Yona kivuli (Yona 4). Mtakatifu Yeronimo alipotafsiri Biblia kwa Kilatini, pale ambapo watu walikuwa wamezoea kusikia mmea wa jamii ya maboga, yeye akaweka jina la mmea mwingine wa kutambaa. Mtakatifu Augustino akamwandikia mwaka 403 kumweleza kwamba huko Oea, ndiyo Tripoli ya leo nchini Libya, askofu alisoma tafsiri hiyo mpya kanisani, waamini wakachafuka, mpaka ikabidi askofu arudishe neno la zamani asije akabaki bila waamini. Yeronimo naye alijibu, tena kwa kejeli. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Siku hizi wataalamu wengi wanaona kwamba ulikuwa mbarika. Biblia nyingine za Kiswahili zinasema mtango. Wakati huohuo, swali la Mungu mwishoni mwa kitabu halihusu mmea ni wa jamii gani. Linahusu watu zaidi ya 120,000 wa Ninawi, na Yona anayeusikitikia mmea ambao hakuupanda wala hakuukuza, uliokuja kwa usiku mmoja.

Usiku mmoja! Mimi vibuyu vyangu vimenichukua majuma.

Niliamua kupanda sita katika zile tisa, tatu zibaki koponi. Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Mjomba alishauri zote zitunzwe, kumbukumbu ya marehemu. Ila mbegu hazitunziki hivyo. Mbegu za jamii hii, zikikaa pakavu pasipo joto, hukaa hai kama miaka minne hadi sita, baada ya hapo zinapungua nguvu mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyejua hizi zilikuwa na umri gani. Kumbukumbu ya bibi ingekuwa inakufa kimyakimya ndani ya kopo huku sisi tukiiangalia kwa heshima. Nilimkumbuka yule mtumwa wa talanta moja (Mt 25). Yeye naye alifukia ardhini. Mkulima naye anafukia ardhini. Kwa mtu anayepita njiani wote wawili wanafanya kazi ileile ya jembe. Tofauti ni kwamba mmoja anafukia ili kitu kibaki kama kilivyo, na mwingine anafukia akijua kwamba hatakipata tena kama kilivyo (Yoh 12:24).

Ganda la kibuyu ni gumu. Nilichukua kikata kucha nikapunguza kidogo sana kwenye kona ya mabega, bila kugusa kiini, maji yapate pa kuingilia. Nikaziloweka usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu. Kuna watu watakuambia mbegu inayoelea ni mbovu. Kwa jamii hii usiwaamini, nyingi zinazoelea ni nzima kabisa. Mbovu utaijua kwa kidole: ukiibonyeza inabonyea, ndani hamna kitu. Kisha nikazifunga kwenye tishu yenye unyevu, yenye unyevu tu, siyo inayotiririka, nikaziweka ndani ya mfuko juu ya rafu karibu na jiko kubwa la kuni. Zinapenda joto la nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 15 zinaoza badala ya kuota, na huku tuliko usiku ni wa baridi. Mpishi wetu alizilinda kuliko mimi.

Siku ya tano, kimya. Siku ya nane, kimya. Mafrateri wenzangu wakaanza kuniuliza kila jioni kama marehemu wamefufuka. Kibuyu kinaweza kuchukua siku saba, kinaweza kuchukua ishirini na zaidi. Kishawishi kikubwa cha siku hizo ni kufungua, kugusa, kuchokoa. Yesu katika Marko 4:26-29 anamsifu mkulima wa ajabu: amepanda, analala, anaamka, na mbegu inaota yeye asijue namna gani. Ile sehemu ya kulala naiona ngumu kuliko ya kulima. Siku ya kumi na moja, mbili zilikuwa zimetoa mzizi mweupe. Baadaye zikafuata mbili nyingine. Mbili hazikuota.

Nikazihamishia kwenye udongo, kina cha kama sentimita mbili hadi tatu. Kina kina sababu, na hii nilipoisoma nilifunga kitabu kwanza nikashukuru. Mche wa jamii hii ya maboga ukichipua, unaota kikucha kidogo chini ya shingo yake. Kikucha hicho kinakanyaga ganda la chini na kulishikilia, wakati shingo inajipinda na kuyavuta majani mawili ya kwanza yatoke ndani ya ganda, kama mtu anayekanyaga kisigino cha buti ili avue mguu. Charles Darwin alikieleza kikucha hicho katika kitabu chake cha mwaka 1880 juu ya mwendo wa mimea. Udongo ukiwa mchache mno juu ya mbegu, ganda hupanda juu pamoja na mche, limebana kichwani kama kofia, na majani hayafunguki. Uzito wa udongo unasaidia kuvua. Dada yangu, uzito unaousikia sasa, wa nyumbani wanaouliza, wa kutojua, siusemi kwamba ni mzuri. Nasema tu kwamba usikimbilie kuutafsiri kuwa ishara ya Mungu kukukataa.

Kuna jambo moja la kuangalia, na hili ni la sufuria kweli. Boga au mumunye lililoota lenyewe jalalani, au lililotokana na mbegu usizozijua, kabla ya kulipika kata kipande kidogo kibichi, kiguse kwa ulimi, teme. Likiwa kali kama shubiri, tupa lote. Ukali huo ni sumu iitwayo kukabitasini, na moto wa jiko hauiondoi. Huko Ujerumani mwaka 2015 mzee wa miaka 79 alifariki baada ya kula mumunye kali kutoka bustani ya jirani. Mbegu iliyochanganyika na jamaa wa mapambo au wa porini inaweza kurudisha sumu hiyo, na tunda kwa sura likawa zuri tu. Elisha alitia unga na chakula kikapona. Ule ulikuwa muujiza, siyo mapishi. Wanafunzi wake wenyewe waliokoka kwanza kwa sababu walionja na wakathubutu kupiga kelele, tena mbele ya mwalimu, wakati wa njaa. Kwenye safari ya wito nako, ukionja ukali wa kweli, mtu anayekutisha, anayekutumia, anayekuambia usimwambie mtu yeyote, usimeze kwa utii. Tema, na upige kelele kwa mtu unayemwamini.

Za maboga nilimrudishia mama mdogo zote nane, tayari zimetoa maua. Kahurura mbili zimeota, mbili bado ziko koponi pamoja na vile vibuyu vitatu, na sasa kopo lina karatasi yenye majina na tarehe. Vibuyu vinne vimepanda kwenye uzio wa bustani yetu. Maua yake ni meupe, yanafunguka jioni tunapotoka Masifu ya Jioni, na nondo ndio wanaoyatembelea.

Kweme zote mbili nimezipanda. Moja imeota. Mvua zikianza nitaipeleka Rombo, maana inataka mti imara wa kuukwea na watu watakaokaa nayo miaka mingi. Mama mdogo ananipigia simu kila Jumapili kuuliza kama ni jike. Namjibu bado.